Marekebisho ya Picha Namba Tisa

Glasgow,
6 Februari 1995

Bi Kadzo,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimevaa sweta tatu na soksi za mtu mwingine. Mfungo wa huku si mzito, jua latua saa kumi na moja jioni, lakini hakuna wa kuniletea kaimati za futari, na uji wao hauna hata pilipili manga.

Nina jambo la kukuomba, nalo si dogo. Unajua nimepata kazi kwenye warsha ya filamu za katuni. Tuko watu wanane ghorofani juu ya duka la samaki. Mkubwa wetu ni mwanamke aitwaye Bi Morag. Juzi wakati wa mapumziko aliniuliza nilikulia wapi, nami nikajikuta namsimulia habari zako badala ya zangu. Nilimwambia una chumba cha chini nyumbani kwetu Mji wa Kale, na kwamba mchana washona pindo za leso Biashara Street. Nikamweleza Kidzivani: wale watu kumi na mmoja waliokwenda kuchota maji bwawani Septemba 1981, wakapigwa risasi, mume wako Kahindi akiwa mmoja wao. Ranchi iliyolizungushia bwawa ua ikasema ni majambazi wa ng'ombe. Na wewe umezunguka maofisini miaka kumi na tatu ukidai wapatikane waliofyatua.

Bi Morag aliweka kikombe chini. Akasema: "Hiyo ndiyo filamu yetu."

Itakuwa ya michoro, lakini maneno yatakuwa ya kweli, kwa sauti zenu wenyewe. Kwa kuwa hakuna mtu aliyepiga picha Kidzivani siku ile, tutachora kama mtakavyotueleza. Nakutumia kanda sita tupu za redio. Ukikataa, nitaelewa, na kanda uzirekodie taarabu.

Wasalimie baba na mama. Mwambie mama nakula.

Mwanao,
Duha

*

Mji wa Kale, Mombasa,
4 Machi 1995

Kwa mwanangu Duha Yeslam,

Mimi niliyetia sahihi hapa chini ni mzima wa afya. Nisamehe kwa kuanza hivyo, mkono umezoea. Nimeiandikia serikali mpaka hata nikimwandikia fundi wa bomba naanza na "kwa heshima na taadhima".

Barua yako mamako Mona alinisomea ngazini kwa sauti, ingawa nilimwambia najua kusoma. Alipofika kwenye neno katuni alivua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Kadzo," akasema, "ati wataka kukutia kwenye katuni. Huyu mtoto baridi imemwingia kichwani."

Mwanangu, katuni ninazozijua mimi ni mbili. Moja ni ile ya gazetini ambapo kila waziri ana pua kama bilingani. Ya pili ni ile ya paka na panya anayoangalia babako Yeslam akidhani hatumwoni, ambapo paka apigwa nyundo, awa bapa kama chapati, kisha ainuka akimbia. Sasa niambie. Kahindi wangu mtamfanyaje? Yeye alipoanguka hakuinuka.

Nililala na swali hilo siku tatu. Ya nne nikaenda kwa wakili wetu, Haroun. Yeye akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akasema: "Bi Kadzo, kuna ofisi moja, sitaitaja, ambayo imelipoteza faili lako mara mbili. Filamu haipotei kwa urahisi hivyo. Chukua."

Kwa hiyo nakubali, kwa masharti haya. Pua ziwe pua. Asipigwe mtu nyundo. Na Menza, yule bibi aliyekuwa bwawani akanusurika, asichorwe kama kipofu. Mara ya kwanza tulipokwenda kuandikisha ushahidi, afisa alimwinulia vidole akamwuliza ni vingapi. Menza akamjibu kuwa amekuja kuzungumza habari za maiti, si vidole. Wakaandika kwamba haoni vizuri.

Shemeji yangu Ngowa, mdogo wake Kahindi, amekasirika. Asema familia ya Mung'aro haijawahi kuchekwa na Wazungu, haitaanza sasa. Unamjua Ngowa. Amestaafu ukarani wa bohari lakini bohari haijamstaafu yeye, hata vijiko vya mkewe Everlyne amevipa namba. Yeye siku ile ya Kidzivani alikuwa kazini hapa Mombasa, kama anavyosema siku zote, basi sijui anaona uchungu wa picha gani.

Wako mtiifu (nimerudia tena),
Kadzo Kavumbi

*

Glasgow,
27 Machi 1995

Bi Kadzo,

Shikamoo. Kanda zako zimefika. Warsha nzima ilikaa kuzisikiliza mpaka mwisho, na hakuna hata mmoja ajuaye Kiswahili ila mimi.

Ndani ya bahasha kuna picha kumi na mbili za majaribio. Kila sekunde moja ya filamu yataka michoro kumi na miwili, kwa hiyo kosa dogo nikilifanya leo nitalirudia mara elfu. Waite waliokuwapo na wanaokumbuka. Waambie wasinionee haya, waandike juu ya picha kwa penseli.

Bi Morag auliza kama tunaweza kuweka tembo kando ya bwawa. Na twiga. Nimemwambia nitauliza.

Duha

*

Mji wa Kale,
20 Aprili 1995

Mwanangu Duha,

Jibu la tembo ni hapana. Jibu la twiga ni hapana. Mwambie Bi Morag achore mbuzi, tunao wengi na hawana kazi.

Jumapili baada ya kanisa niliwaita watu, tukazitandaza picha sebuleni kwenu juu, maana kwangu hapatoshi. Ningejua ningewaita askari wa kutuliza fujo.

Everlyne alianza. Yeye hakuwako Kidzivani, lakini ataka achorwe. Nikamwuliza achorwe akifanya nini. "Nikilia. Nililia sana, Ganjoni nzima ilinisikia." Akaonyeshwa picha ya tano, ya wanawake msibani, akaanza kujitafuta. Akamchagua mnene kuliko wote, kisha akakasirika kwa nini amechorwa mnene.

Mamako Mona alisema viatu vya yule Mzungu, meneja wa ranchi, havijapigwa rangi vizuri. Babako Yeslam akauliza kama kutakuwa na muziki.

Menza aliletwa kutoka Mariakani na mjukuu wake. Alizikaribia picha mpaka zikamgusa pua, akasema: "Bwawa ndilo. Ua ndio. Mimi nilikuwa hapa." Akaweka kidole. Kisha akaitazama picha ya tisa, ya gari la meneja wa ranchi, kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Ngowa, akamtazama yeye.

Ngowa alikuwa amekaa dirishani akijifanya anasoma gazeti, maana hakubaliani na jambo lote hili. Akanyoosha shingo. Akasema: "Gari silo hilo." Nikamwuliza lina kasoro gani. Akasema gari halichorwi hivyo, ni uzembe, kila kitu siku hizi ni uzembe, akachukua kofia akaondoka bila kunywa chai. Uzembe wa watu wengine utamuua siku moja.

Sasa kuhusu Kahindi. Nimekurudishia picha yake. Ni mtu mzuri sana uliyemchora, ningeolewa naye leo. Lakini si Kahindi. Kahindi sikio lake la kushoto lilikuwa limetoka nje kuliko la kulia, kama mlango ulioachwa wazi. Na mdomo usimfunge. Sijawahi kumwona mdomo umefungwa. Alikuwa akizungumza hata na ndoo.

Kadzo

*

N. Mung'aro
Karani Mkuu wa Bohari (Mstaafu)
Ganjoni, Mombasa
29 Aprili 1995

KUH: MAREKEBISHO YA PICHA NAMBA TISA

Binti Yeslam,

Rejea mchoro wako uliotajwa hapo juu, ulioonyeshwa kwa familia tarehe 16 mwezi huu. Kama ujuavyo, siungi mkono mradi wenyewe. Hata hivyo siwezi kukaa kimya kitu kikiandikwa kimakosa. Tafadhali rekebisha yafuatayo:

(a) Gari halikuwa limefunikwa chuma nyuma. Lilikuwa pikapu iliyofunikwa turubai la kijani.

(b) Turubai lilikuwa na namba ya bohari iliyopigwa kwa rangi nyeupe upande wa nyuma, 4417. Tarakimu ya mwisho imepinda kidogo kwa kuwa mpigaji alisukumwa kiwiko.

(c) Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya katani, mafundo mawili.

(d) Meneja alisimama upande huo wa kushoto, si mbele kama ulivyomweka. Saa aliivaa mkono wa kulia.

(e) Walinzi walikuwa wanne. Umechora watano. Wa tano muondoe.

Habari hizi nimezipata kwa watu wa kuaminika. Barua hii ni ya siri. Usimwonyeshe wala kumtajia shemeji yangu Kadzo.

Wako,
N. Mung'aro

*

Glasgow,
15 Mei 1995

Mzee Ngowa,

Shikamoo. Nashukuru sana kwa marekebisho. Wa tano nimemuondoa.

Lakini nina tatizo la kazi, naomba unisaidie. Katika filamu hatuchori kitu tu, lazima kwanza tujue kinatazamwa kutoka wapi. Nimetengeneza ramani ya Kidzivani kwa kufuata maneno ya Menza na Bi Kadzo: bwawa hapa, ua hapa, josho la kuogeshea ng'ombe hapa, gari hapa. Kutoka alipokuwa Menza, mtu aona mbele ya gari na ubavu wa kulia. Kutoka bwawani ni hivyo hivyo. Mlango wa kushoto hauonekani, wala nyuma ya turubai. Nimejaribu kuyahesabu mafundo ya kamba kutoka kila pembe, haiwezekani.

Ni mahali pamoja tu ambapo mtu angeyaona yote uliyoniandikia, napo ni kwenye josho.

Mzee Ngowa, nisamehe kwa kuuliza, nami ni mtoto mbele yako. Wewe ulikuwa wapi?

Duha

*

Ganjoni,
3 Juni 1995

Binti Yeslam,

Barua hii haina kichwa cha habari. Nimekijaribu mara nne.

Nilikuwa kwenye josho.

Siku ile nilitoroka kazini bila Everlyne kujua, maana angetaka twende wote na mizigo yake. Nilikwenda Kidzivani kumwona kaka yangu. Nilimkuta yuko njiani kwenda bwawani na ndoo, tukaenda pamoja. Watu walikuwa wamekaa tu chini, wanabishana na walinzi wawafungulie ua. Kahindi ndiye aliyekuwa akisema. Mimi nilijitenga kidogo kwenda haja, upande wa josho. Pikapu ikaja. Niliiona namba ya turubai nikafurahi, ukweli nilifurahi, kwa kuwa namba ile niliipiga mimi. Lile turubai bohari yetu ililipiga mnada Jumatatu, ranchi ikalinunua, na hii ilikuwa Alhamisi. Nikasema moyoni, tazama, turubai langu. Ndipo meneja akashuka upande wa kulia, akazunguka, akainua mkono wenye saa, na walinzi wakaanza kupiga.

Nilitumbukia joshoni. Lilikuwa na dawa ya kupe mpaka kifuani. Nilikaa humo, na kichwa changu kilikuwa usawa wa mlango ule wa kamba. Ndiyo maana nayajua mafundo.

Walipoacha kupiga waliwaruhusu wanawake waondoke. Menza alipita karibu na josho, akaniona. Alifungua leso yake ya juu akaiangusha, kama imemdondoka. Nilijifunika kutoka kichwani mpaka miguuni, nikatoka, nikatembea katikati ya wanawake. Mlinzi mmoja alinitazama nikitetemeka na kunuka dawa. Akaniambia: "Pole, mama."

Nilimjibu, "Asante, baba." Kwa sauti nyembamba.

Sasa waweza kucheka. Mimi mwenyewe wakati mwingine kicheko hunijia nikiwa nanyoa ndevu. Miezi miwili hakuna hata mbu aliyenisogelea. Everlyne nilimwambia ni sabuni mpya ya bohari.

Lakini wanawake wale walipita pale alipolala Kahindi, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Alikuwa bado ameshika mkono wa ndoo. Sikuinama. Ningeinama wangeniona miguu. Nilimpita kaka yangu, nikavaa leso ya mtu, nikasema asante kwa aliyemuua. Kisha nikarudi Mombasa, nikasaini daftari la kazini kana kwamba sikutoka, na miaka kumi na tatu shemeji yangu anatafuta mtu aliyeliona lile gari, anakunywa chai sebuleni kwangu, ananiuliza nimshauri.

Ichore picha ya tisa kwa usahihi. Ila mimi usinitie humo.

Ngowa

*

Glasgow,
18 Juni 1995

Mzee Ngowa,

Sikucheka. Nasema uongo. Nilicheka kwenye "Asante, baba", kisha ikanibidi nishuke nje nikasimame kwenye baridi.

Siri yako sitaitoa, si yangu. Lakini picha ya tisa siwezi kuichora, mzee. Inatazamwa na jicho ambalo limenikataza nilionyeshe. Nimeiweka kando. Ikitakiwa, utanifahamisha wewe, au utamfahamisha mwenye haki ya kujua.

Duha

*

Mji wa Kale,
22 Julai 1995

Mwanangu Duha,

Picha kumi na moja zimefika zimenyooka. Kahindi sasa ndiye. Sikio nimelijua tangu bahasha haijafunguka vizuri. Lakini ya tisa iko wapi? Nilikuuliza Juni, ukaniandikia "bado naifanyia kazi". Haroun naye hujibu hivyo hivyo nikimwuliza kesi. Nilidhani wewe tulikulea vizuri.

Habari kubwa ni kwamba mahakama imekubali! Uchunguzi wa vifo vya Kidzivani utasikilizwa tarehe 12 Septemba. Nilimkumbatia Haroun mbele ya makarani, akaona haya mpaka tai ikapinda. Ila ametutahadharisha. Ranchi imeleta karatasi kwamba pikapu ya meneja ilikuwa gereji mwezi mzima ule, mbovu. Sisi tuna Menza peke yake, wanawake wenzake walionusurika waogopa kusema, nao watamwinulia vidole tena. Tungepata mtu mmoja tu aliyeliona gari kwa karibu. Mmoja.

Nilimweleza Ngowa hayo yote, akaacha kula. Tangu siku ile hali kitu. Everlyne ameamua ni minyoo. Amempa dawa ya mzizi, ya duka, na moja ya mbuzi. Namwonea huruma, lakini nina mambo mengi.

Kadzo

*

Mji wa Kale,
17 Septemba 1995

Duha,

Kumbe ulijua tangu Juni. Nimekukasirikia wiki tatu, ndiyo maana sikuandika. Sasa hasira imekwisha, nakaa nikueleze yote kwa utaratibu.

Jumapili ya mwisho ya Agosti Ngowa alinijia mlangoni, suti nyeusi, kofia mkononi. Nikadhani amefiwa. Akakataa kiti. Akanisomea kwenye karatasi, kama taarifa ya mkutano, (a) mpaka (f). Nilisikiliza. Alipofika kwa yule mlinzi na "Pole, mama", Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka mpaka mamako Mona akauliza kutoka juu kuna nini. Yeye akaendelea kusoma, hakucheka. Akasoma (f), ya kumpita Kahindi.

Nikamwambia: "Toka kwangu."

Akatoka. Akafika kwenye kona ya duka la kahawa, nikamwita. Akarudi. Nikamwambia toka tena. Majirani walisimama madirishani wakitazama mzee wa watu na suti yake akienda na kurudi kichochoroni kama ufagio. Mara ya tatu aliporudi nilimwuliza swali moja: "Alikuwa akisema nini? Mwisho, kabla hawajapiga, Kahindi alikuwa akisema nini?"

Akasema: "Alikuwa akimwambia mlinzi kwamba amsaidie kuinua ndoo, kisha ndio wagombane."

Ndipo nikalia, Duha. Maana ni yeye kabisa. Miaka yote hii watu waliniambia maneno ya kishujaa ambayo nilijua si ya Kahindi. Nikamkalisha Ngowa, nikampa chai, akala mikate minne. Minyoo ikaisha siku hiyo hiyo.

Sasa mahakamani. Ukumbi ulijaa. Wakili wa ranchi alikuwa kijana mwenye sauti nzuri, akaona amepata sherehe.

"Mzee, uliwaambia watu miaka kumi na tatu kwamba hukuwako. Sasa watuambia ulikuwako?"

"Naam."

"Ndani ya josho?"

"Naam. Upande wa kusini."

"Kisha ukatoka umevaa leso, kama mwanamke?"

"Si kama mwanamke," akasema Ngowa. "Mwanamke angeifunga vizuri zaidi. Mimi niliifunga vibaya."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hakimu akagonga meza, lakini naye alikuwa amejificha nyuma ya kalamu. Wakili akaona ashindilie. "Na leso hiyo, mzee, labda wakumbuka ilikuwa ya rangi gani?"

"Nyekundu, pindo jeusi, maua ya mikorosho pembeni. Imechomwa na makaa sehemu moja."

Hapo Menza akasimama kwenye benchi letu, hakuna aliyemwuliza. "Iko wapi?" akasema. "Leso yangu iko wapi, Ngowa? Ilikuwa gora, mpya kabisa!"

Hakimu akamwambia akae. Hakukaa. Akasema: "Nilimwahidi huyu kwamba mimi sitasema. Nimengoja yeye aseme. Sasa kasema, nataka leso yangu." Hakimu akamwuliza kama ndiye aliyempa. Akajibu: "Nilimwangushia. Nawe ukitaka kuinua vidole, inua, nitakuhesabia." Hakimu hakuinua.

Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Ngowa alitoa namba ya turubai, 4417. Haroun akaleta daftari la mnada la bohari. Lilikuwa limekaa stoo muda wote huo, Duha, kwa mwandiko wa Ngowa mwenyewe, ulionyooka kama reli. Turubai limeuzwa kwa Ranchi ya Kidzivani Jumatatu ya wiki ile. Na aliyekuja kulichukua ametia sahihi, na ameandika namba ya gari alilobebea. Ni ile pikapu. Ile mbovu iliyokuwa gereji mwezi mzima.

Wakili wa ranchi aliomba maji.

Uamuzi watoka Novemba. Tuma picha ya tisa. Ngowa asema sasa umtie, na dawa ya josho ifike kifuani, si kiunoni.

Kadzo

*

Mji wa Kale,
24 Novemba 1995

Duha,

Fupi, maana posta yakaribia kufunga. Mahakama imesema: watu kumi na mmoja wa Kidzivani waliuawa na walinzi wa ranchi kwa amri ya meneja wao. Hapakuwa na majambazi. Meneja na walinzi wawili walio hai washtakiwe. Hakimu alisoma majina yote kumi na moja. La Kahindi alilitamka vibaya, na Ngowa akamrekebisha kutoka kitini kwake.

Jana wamemkamata meneja. Amezeeka. Nilikwenda kumtazama akiteremshwa kwenye gari, nikangoja nisikie kitu kikubwa moyoni. Nilisikia njaa. Nikaenda nikala mbaazi na mahamri, nikamaliza, nikaagiza tena.

Kadzo

*

Mji wa Kale,
6 Mei 1996

Mwanangu Duha,

Kanda ya filamu ilifika salama, ingawa posta waliifungua wakidhani ni mambo mengine. Jana, Jumapili, tuliitazama kwenu juu. Nilitaka tuwe wachache, lakini mamako aliwapigia watu simu. Everlyne alikuja na shangazi zake. Menza alikaa kwenye zulia, pua kwenye kioo cha televisheni, na begani ana leso mpya aliyonunuliwa na Ngowa. Amemwambia si nzuri kama ile.

Everlyne alijiona akilia. Aliomba irudishwe, akajiona tena, akaridhika. Ilipofika joshoni Ngowa alisimama mbele ya watu wote akaeleza kila kitu kwa kidole, mpaka Yeslam akamwambia: "Bwana, kaa, wewe umo ndani, twakuona." Na mlinzi aliposema "Pole, mama", chumba kizima kikajibu kwa sauti nyembamba, "Asante, baba!" Ngowa alicheka mpaka akatoa leso ya mfukoni. Sijamwona akicheka hivyo tangu ujana wake.

Kisha filamu ikarudi nyuma, likaja lile tukio la bwawani. Kahindi atoka nyumbani na ndoo. Duha, ni nani aliyekuambia anavyotembea? Mimi sikukuambia, nilisahau kukuambia. Yeye alitupa mguu wa kulia nje kidogo, kama mtu anayemkwepa kuku. Alikuja hivyo hivyo, sikio limetoka, mdomo wazi, akamfikia mlinzi, akamnyooshea ndoo.

Nikasema: "Yeslam, simamisha."

Babako akabonyeza. Kahindi akasimama pale, anatetemeka kidogo kama picha za video zinavyotetemeka, ndoo mkononi, katikati ya neno. Mamako Mona akatazama saa, akasema basi tule, wali utapoa.

Tukala. Tulikula pilau na achari, watu wakazungumza, Everlyne akagombana na shangazi yake kuhusu ndizi, Menza akaomba nyama laini. Naye Kahindi yuko pale. Mashine ikichoka hujiachia yenyewe, na kila ikijiachia Yeslam aliirudisha nyuma. Kahindi akawa anarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, kisha anakuja tena na ndoo yake, anasimama. Babako alinung'unika kwamba kichwa cha video kitaharibika, lakini aliinuka kila mara, mara sita au saba, mkono umejaa mchuzi. Ngowa alikuwa akimweleza mtu habari za bei ya saruji, na alipokuwa akieleza alikuwa anamtazama kaka yake, kama naye yumo katika mazungumzo.

Karibu saa nzima alikaa nasi. Nilimaliza sahani yangu. Nilinawa mikono, nikajifuta, nikasogeza kiti mbele.

Nikamwambia Yeslam: "Haya. Sasa iache iende."

Kadzo Kavumbi